Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Kocha

Kwa Kocha Mkuu wa Timu ya Taifa,
Kwa mkono wa Katibu, Chama cha Soka.

YAH: TIMU KUFUNGWA MFULULIZO, NA UPANDE WA KUSHOTO WA KICHWA CHAKO

Mheshimiwa Kocha, na humohumo Kaka,

Nakuandikia kwa heshima zote zinazostahili cheo chako, pamoja na zile chache zilizobaki baina yetu. Ningekupigia simu, lakini simu yako siku hizi inaita mpaka inachoka yenyewe. Nilifika hata ofisini kwenu. Mlinzi wa getini akaniuliza mimi ni nani kwako, nikamjibu ni mdogo wako wa tumbo moja. Akaniambia tangu asubuhi ameshawarudisha wadogo zako kadhaa, na mmoja wao alikuwa na mvi. Ndipo nikaona niandike barua rasmi ipitie kwa Katibu, ambaye najua ataifungua aisome kabla yako. Katibu, shikamoo. Ukimaliza kusoma, tafadhali mpe mwenyewe.

Nijitambulishe, kwa faida ya ofisi. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kina viti viwili, kioo kimoja chenye ufa, feni inayozunguka ikijisikia, na benchi refu la wateja ambalo wengi wanaolikalia hawana haja ya kunyolewa, wamefuata mazungumzo ya mpira. Mimi mwenyewe sina nywele. Ziliniaga mapema, bila hata barua. Kwa hiyo kichwa chako ndicho kichwa cha ukoo nilichobaki nacho. Nimekinyoa kabla ya kila mechi kubwa tangu ukichezea timu ya kiwanda, nikaendelea ulipokuwa kocha wa vijana, na hujawahi kuingia uwanjani siku ya maana bila kupita kwenye kiti changu. Hatukuwahi kuyajadili hayo. Ulikuwa unakuja tu, unakaa, nami nakufunga kitambaa.

Tangu upewe timu ya taifa, umenyolewa kwangu mara moja, tena nusu. Na tangu siku hiyo timu haijashinda. Wachambuzi wa redioni wanasema tatizo ni viungo wetu, wengine wanasema ni pumzi, wengine ni ligi yetu kuwa dhaifu. Nawaheshimu, wana elimu yao. Lakini katika uchambuzi wao wote hakuna hata mmoja aliyetazama kichwa.

Kabla ya malalamiko, tuliweke sawa lile jambo la siku ile, maana nasikia umelieleza kwa watu kana kwamba ulitekwa. Ilikuwa mkesha wa mechi yako ya kwanza. Ulikaa, nikaanza upande wa kulia kama kawaida, nikaumaliza vizuri. Pale benchini alikuwepo Mwalimu Kona, yule mwalimu mstaafu wa hesabu tunayemwita hivyo kwa sababu anaamini kila mechi duniani hupotea kwenye mpira wa kona. Alikuuliza kwa adabu kabisa nani atacheza kushoto. Ukasema utaona. Ni kweli nilizima mashine. Ni kweli nilisema sitaiwasha mpaka tusikie jina la wa kushoto. Ni kweli pia kwamba fundi viatu wa jirani alifunga mlango, lakini yeye alisema ni kwa ajili ya vumbi. Kaka, hicho kilikuwa kikao cha wadau. Mwananchi wa kawaida atampata wapi tena Kocha wa Taifa, amefungwa kitambaa shingoni, na nusu ya kichwa haiwezi kutoka nje?

Wewe ukatoka nayo. Ulichomoa kitambaa, ukavaa kofia, ukamwambia fundi viatu afungue, ukaenda. Kesho yake ulisimama kando ya uwanja na kofia kwenye jua lile, na mabao yote tuliyofungwa yalipita kushoto. Mimi sisemi kitu. Naikumbusha tu ofisi ni upande upi uliokuwa haujanyolewa.

Sasa malalamiko yangu, ambayo nimeyapanga kuanzia dogo.

1. Kuhusu kichwa chenyewe.

Nimearifiwa kwamba sasa unanyolewa na kijana wa saluni ya hoteli mnakopiga kambi, mahali penye viyoyozi na viti vinavyopanda na kushuka. Sina wivu. Kiti changu nacho hushuka, ila hakipandi. Lakini huyo kijana hajui kwamba kisogoni una kishimo, chini kidogo ya utosi, ambapo nywele huota zikielekea kwingine. Mimi nakijua kwa sababu nilikuwepo kilipopatikana: ulikuwa golikipa mlangoni kwetu, nikapiga penalti, ukajirusha, kichwa kikakutana na kizingiti. (Mpira ulikuwa umeshavuka, lakini hayo si ya leo.) Pale panatakiwa mkasi na subira, si mashine. Huyu anapitisha mashine moja kwa moja, na matokeo yake taifa zima linaona kishungi kimesimama peke yake nyuma ya kichwa cha kocha. Panja la kushoto nalo liko juu kuliko la kulia.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mchezaji. Mmekwenda mapumziko, mmeshafungwa, kocha anachora ubaoni namna ya kukaba, halafu anageuka kuandika, nawe unabaki unatazamana na kishungi. Utasikia nini? Wachezaji wetu ni watoto wa watu, wana macho. Nimeitazama nusu ya pili ya kila mechi, na nathubutu kusema kwamba vijana wetu wanarudi uwanjani wakiwa wanafikiria jambo lingine.

2. Kuhusu bango langu.

Ulipoteuliwa, nilimlipa mchoraji aandike juu ya mlango wangu, kwa rangi ya bluu yenye kivuli, HAPA NDIPO ANAPONYOLEWA KOCHA WA TAIFA. Lilipendeza. Watu walipiga picha. Sasa kila mechi ikioneshwa, wapita njia wanatazama kichwa chako kwenye televisheni ya duka la pili, kisha wanatazama bango langu, kisha wanavuka barabara kwenda kwa kinyozi mwingine. Fundi viatu, ambaye hushauri bure, ameniambia nimwite mchoraji arudi aongeze neno NUSU mwishoni, ili nisije kushitakiwa. Nimekataa. Nafasi ya neno hilo ipo, nimepima, lakini nimekataa.

3. Kuhusu ushauri wa wananchi.

Huu mzigo, Kaka, hukuujua. Mimi ni kaka wa kocha kwa upande wa mdogo, na kwa hiyo ni sanduku la maoni la nchi nzima. Mtu ananyolewa ndevu huku ananipangia kikosi. Mwalimu Kona amenichorea kona fupi zenye pembe na vipimo. Kuna dereva wa lori anayetaka golikipa awe anapanda mbele tangu dakika za mwanzo, kwa kushtukiza. Nami kwa kuwa siwezi kumuudhi mteja mwenye sabuni usoni, nilikuwa nawajibu wote, nitamfikishia.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kutoka nitamfikishia nilifika nimemfikishia, na kutoka hapo, siku moja kibanda kimejaa na mimi nimenogewa, nikasema kikosi cha mechi inayofuata tumekipanga wawili mimi na wewe. Kwa bahati mbaya hiyo mechi ndiyo ile tuliyofungwa mpaka refa akawa anatuonea huruma. Jumatatu yake benchi lilikuwa tupu. Wachache waliokuja kunyolewa wakawa wananitazama kwenye kioo, na ufa wa kile kioo unanigawa uso, kwa hiyo nilitazamwa mara mbili. Shemeji yako aliniambia jambo moja tu wakati tunakula: kwamba mimi nashindwa kupanga viti viwili, nikaona nipange watu kumi na moja.

Anasema kweli. Ndiyo shida yetu, na hapa naomba Katibu asome taratibu: sisi katika nchi hii tunaujua mpira wote, kasoro kuucheza. Huko kwenu msafara ukisafiri, viongozi wanajaa ndege mpaka mabeki wanafuata kesho yake. Huku kwetu ukikaa kwenye benchi langu, utakuta makocha watupu na hakuna hata mmoja anayeweza kukimbia mpaka kituo cha basi. Mimi ndiye mwenyekiti wao. Nilijaribu juzi kuwaonesha wateja namna winga anavyotakiwa kugeuka, nikapata mkazo wa paja, nikamalizia siku nikinyoa nimeegemea ukuta.

4. Kuhusu Mama.

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Unajua Mama anakaa kwangu. Siku ya mechi anavuta kiti karibu na televisheni, anaweka chai yake sakafuni, lakini Mama haangalii mpira. Anakuangalia wewe. Kamera ikikuacha ikafuata mpira, anagombana nayo. Sisi tukishika vichwa kwa sababu tumefungwa, yeye anauliza mbona mwanangu amesimama peke yake, hao wenzie wamekaa wapi.

Mechi ya pili ulivua kofia. Mama akakutazama sana, kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza nimemnyoaje mwenzangu, mbona nimemwacha kama mtu aliyekimbia kinyozini.

Kaka, ningejibu nini? Hajui kwamba hatuongei. Anajua tuko vilevile, kwamba unapita kwangu, unakaa, nakufunga kitambaa, tunacheka. Ndicho kitu anachowaambia jirani zetu: wanangu hawajawahi kununiana. Nikamwambia, nilikuwa na haraka, Mama.

Basi tangu siku ile kila mechi nasemwa mimi. Taifa linakusema wewe, nami nasemwa na Mama, na sioni kama wewe ndiye uliyeonewa zaidi. Mara ya kwanza aliniambia niwe makini. Mara ya pili akaniambia mikono yangu imezeeka. Baada ya ile sare tuliyoipata kwa kujifunga wenyewe, alianza kunishikia vidole mbele ya uso na kuniuliza ni vingapi. Amemwambia jirani yetu asilete watoto wake kwangu mpaka nipimwe macho, na hospitalini amekwisha kuniombea nafasi. Mimi, ambaye nimeishi kwa mikono hii maisha yangu yote, mama yangu mzazi ananiharibia wateja kwa kazi ya mtu wa hotelini, na siwezi kujitetea.

Na sasa ametoa uamuzi. Mechi ile ya mwisho, ya hapa nyumbani, ambayo ndiyo itaamua kama tunafuzu, amesema siku moja kabla atakuja mwenyewe kibandani. Atakaa kwenye benchi, asimamie kwa macho yake ninavyokunyoa. Ameshachagua na gauni. Niambie, Mheshimiwa Kocha. Atanikuta namnyoa nani?

Nimekukumbuka, Kaka. Hilo si lalamiko, ndiyo maana sikuliwekea namba.

Kwa kuwa barua inayolalamika bila kupendekeza ni uchochezi, naomba kupendekeza yafuatayo.

Kwanza, uje umalizie upande wa kushoto kabla ya mechi hiyo ya nyumbani. Natoa dhamana. Benchi litatolewa nje, ukutani, na wote watakaa wakitazama barabarani, isipokuwa Mama. Fundi viatu atafunga mlango, lakini safari hii yeye atakuwa upande wa nje. Mwalimu Kona amekubali kubaki kwake siku hiyo, ingawa ameomba nikupe mchoro mmoja, mdogo. Nami nitang'ata chanuo kwa meno kuanzia unakaa mpaka unainuka, ili nisiseme. Ukijisikia mwenyewe kumtaja wa kushoto, hakuna atakayekukataza.

Pili, Chama kinifikirie kwa nafasi ya Kinyozi wa Timu ya Taifa. Katika msafara wenu apunguzwe kiongozi mmoja yeyote. Hamtagundua ni yupi aliyebaki.

Tatu, wachezaji wote wanyolewe kwangu. Nitaanza na mabeki, kwa sababu kinyozi mzuri huanza kisogoni. Kosa letu la miaka yote ni kuanza mbele, kwenye urembo, huku nyuma kumeota msitu. Washambuliaji watasubiri kwenye benchi, wazoee.

Nne, na hili naomba Katibu alifiche. Kocha wa timu ngeni akishuka uwanja wa ndege, apokewe kwa maua na apewe zawadi ya kunyolewa bure kwa kinyozi wa taifa. Nitaanza upande wa kulia. Nikiumaliza, umeme utakatika. Umeme wetu unajulikana, hakuna atakayetushuku. Atakwenda uwanjani hivyo, nasi tutaanza mechi tukiwa tumeshaongoza. Yaliyotupata sisi kwa bahati mbaya tuwafanyie wenzetu kwa mpango, na huo ndio nausikia unaitwa uwekezaji katika soka.

Nafunga kwa kuwasalimu wote huko kambini. Msalimie golikipa, mwambie hatumlaumu, tunamsema tu. Msalimie daktari wa timu, na nahodha, na yule anayebeba maji, ambaye kwa maoni ya Mwalimu Kona ndiye mwenye kasi kuliko wote. Katibu, nakusalimu wewe pia, na nasikitika kwamba mara ya mwisho nilikukata kidogo sikioni. Ilikuwa mazungumzo ya uchaguzi wenu. Kaka, shemeji yako na watoto wanakusalimia. Mama anakusalimia bila kujua kama naandika.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja na mtumishi wa vichwa vya umma,

Kinyozi.

BAADA YA SAHIHI: Barua hii nilikaa nayo kwenye mfuko wa aproni, nikisubiri mechi ya ugenini ya Jumamosi ipite, ili nikiongeze kipigo kingine kwenye ushahidi. Sasa mmeshinda. Ugenini, tena mabao yote kwa krosi za kushoto.

Nilikichunguza kichwa chako tangu mwanzo mpaka filimbi ya mwisho. Hakijawahi kuwa kibaya vile. Panja limezidi kupanda na kishungi kilionekana hata kamera ilipokuwa mbali. Mwalimu Kona alimkumbatia fundi viatu, watu ambao hawapeani mkono. Na leo asubuhi nilikuta foleni mlangoni. Wote, Kaka, wanataka wanyolewe kama wewe: panja moja juu, na kishungi nyuma. Nimekaa kutwa nikiharibu vichwa vya watu kwa makusudi. Ni kazi ngumu. Mikono inakataa, narudia rudia, na mmoja alilalamika kwamba nimemtoa vizuri mno.

Lakini zito ni la Mama. Filimbi ilipolia alinyanyuka, akaja pale nilipokuwa, akanishika hii mikono. Akasema leo umemnyoa mwenzio vizuri, umetulia. Ya macho ameyafuta. Ya kuja kibandani pia ameyafuta, hataki kunitia hofu. Ameniagiza mechi ya mwisho nikunyoe hivihivi, nisibadilishe hata unywele mmoja. Nikamwitikia. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, na shemeji yako akanikuta nalia, akadhani ni furaha ya ushindi. Ilikuwemo.

Kwa hiyo nayafuta yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeshaiandika vizuri. Usije, Kaka. Baki na huyo kijana wa hotelini, mpe salamu zangu za kazi, na umkataze kabisa kujifunza. Kile kishimo asikiguse, asikijue. Asionekane mtu yeyote na mkasi karibu nawe mpaka tufuzu, hata mimi, hasa mimi. Kiti chako nimekifunika gazeti, nimewaambia wateja ni kibovu.

Na endapo mtafungwa, jambo ambalo siliombi, na ambalo nitalipigia kelele mpaka sauti iniishe, basi siku hiyo usipite hotelini. Njoo moja kwa moja. Nitafunga mlango mwenyewe, nitaanzia kushoto, na hakuna atakayekuuliza nani alicheza wapi.